Kivuli cha Mwanamfalme: Juu ya Michezo Inayohama Mashine

Mchezo wa Prince of Persia ulitoka mwaka 1989 kwa ajili ya mashine iliyokuwa ikikata roho. Kompyuta ya Apple II iliingia sokoni mwaka 1977, na Jordan Mechner alipoanza kuusanifu mchezo wake mwaka 1985 ilikuwa bado na wanunuzi. Alipoumaliza, wengi wao walikwisha kuiacha. Shajara zake za miaka hiyo, zilizochapishwa baadaye kwa jina la The Making of Prince of Persia, zinaonyesha mtu anayekimbizana na saa mbili: ile ya mchezoni, inayompa mwanamfalme dakika 60 kumwokoa binti mfalme, na ile ya soko, ambayo haikumwambia imebakiza dakika ngapi. Mauzo ya mwanzo yalikuwa hafifu. Kilichoufanya mchezo huo ujulikane duniani ni kuhama kwake: kwenda kwenye kompyuta zilizotumia DOS, kwenda Amiga, kwenda Japani, na hatimaye kwenda kwenye mashine za sebuleni za Nintendo na Sega. Waliocheza chapa ya kwanza, katika mashine ya kwanza, ni wachache mno kuliko wanaodai kuukumbuka.

Kwa hiyo anayetaka kuuhakiki mchezo huu hawezi kulitazama suala la kuhamisha kama jambo la mafundi tu. Kazi yenyewe, kama walimwengu wanavyoijua, ni jumla ya uhamisho wake. Hali hii si ngeni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Utendi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, ukanakiliwa na mkono wa pili na wa tatu, kisha ukachapishwa kwa hati za Kirumi, humfikia msomaji wa leo ukiwa umepita katika mashine kadhaa, kila moja na uwezo wake na uziwi wake. Hati ya Kiarabu katika uandishi wake wa kawaida haikutenganisha vyema irabu e na i, wala o na u. Hati ya Kirumi ikazitenganisha, lakini tahajia sanifu ikaacha nje tofauti za matamshi ya t ambazo msikilizaji wa Lamu au Mombasa huzisikia bila taabu. Kila uhamisho umefunua kitu na kufunika kingine. Tambuka tunayoisoma leo ni nakala yenye historia, na mhakiki makini huisoma pamoja na historia hiyo.

Kuhusu kompyuta, yafaa kutenga mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. La kwanza ni kuiga mashine: programu inaandikwa ili kompyuta ya leo ijifanye Apple II, kisha mchezo wa zamani unaendeshwa ndani yake bila kubadilishwa hata biti moja. La pili ni kuhamisha mchezo: mtu anauchukua na kuuandika upya ili uishi katika mashine nyingine, kwa masharti ya mashine hiyo. Anayeiga huutendea mchezo kama kwamba ulimwengu uliouzaa bado upo. Anayehamisha amekubali kwamba ulimwengu huo umekwisha, au kwamba hakuwahi kuukaa, na anauliza ni kipi katika kazi hii kinachoweza kuvuka. Kuiga ni kazi ya mtunza makavazi, na heshima yake ni kubwa. Bila kazi hiyo mengi yangekuwa yamepotea. Lakini ni anayehamisha tu ambaye hulazimika kuisoma kazi kama mfasiri anavyoisoma.

Nini basi kilichomo katika Prince of Persia cha kusomwa hivyo? Sifa yake ya kwanza ilikuwa mwendo. Mechner alimpiga picha za video mdogo wake David akikimbia, akiruka na kuning'inia, amevaa nguo nyeupe, kisha akachora juu ya picha hizo fremu moja baada ya nyingine. Mapigano ya upanga aliyatoa katika sekunde chache za filamu ya mwaka 1938, The Adventures of Robin Hood, ambapo Errol Flynn na Basil Rathbone wanaonekana wakipambana ubavu kwa ubavu. Matokeo yake ni mhusika mwenye uzito. Hageuki papo hapo. Lazima apunguze kasi, aikanyage ardhi, aikusanye nguvu yake. Mchezaji anayebonyeza kwa pupa humwua. Katika michezo mingi ya wakati ule mhusika alikuwa alama inayosogezwa. Hapa alikuwa mwili, na mwili unaokufa vibaya, kwa kudungwa na miiba au kukatwa na meno ya chuma.

Mwili huo uligharimu kumbukumbu. Fremu nyingi za mwendo laini zilijaza nafasi yote iliyokuwapo katika kilobaiti 128, na mchezo ukabaki na mwanamfalme peke yake katika majumba matupu. Walioutazama walimwambia Mechner kwamba unahitaji adui. Jibu lake, kama alivyolisimulia mwenyewe, lilikuwa kwamba hakuna nafasi ya kuchora mtu mwingine. Ndipo likapatikana suluhisho: kuzichukua fremu zilezile za mwanamfalme na kuzichora upya juu yao zenyewe baada ya kuzisogeza kwa biti moja, kwa hesabu ambayo huacha tu pale ambapo picha mbili zinatofautiana. Ikatokea sura nyeusi inayometameta kingo zake, yenye mwendo uleule wa mwanamfalme, isiyokula nafasi yoyote ya ziada. Akaitwa Mtu wa Kivuli.

Hapa ndipo mchezo unapoacha kuwa fumbo la mitego na kuwa hadithi. Katika ngazi ya nne kioo kinasimama njiani, na hakuna pa kupita ila kukivunja kwa kuruka. Mwanamfalme anapopita upande wa pili, kivuli chake kinatoka upande wa kwanza na kukimbia, na uhai wake wote unashuka hadi tone moja. Baadaye kivuli kinamnywea dawa aliyokuwa akiiendea. Kisha kinamfungia lango ili aanguke. Mwishoni wanakutana juu, panga mikononi, na mchezaji ambaye kwa ngazi kumi na moja amefundishwa kwamba kila anayesimama mbele yake sharti apigwe, anampiga, na kila pigo linamrudia mwenyewe. Njia ni moja tu: kuurudisha upanga alani na kumwendea. Wawili hao wanaingiana, na mahali palipokuwa shimo, sakafu inajitokeza chini ya nyayo zake.

Hakuna maandishi yanayomweleza mchezaji afanye hivyo. Ni mojawapo ya nyakati chache katika michezo ya miaka ile ambapo kanuni ya mchezo yenyewe ndiyo inayosema jambo, bila msimulizi. Na chanzo chake ni upungufu. Laiti Apple II ingekuwa na nafasi ya mtu wa pili, pengine mwanamfalme angepata adui wa kawaida na mchezo ungesahauliwa pamoja na mingine mingi iliyokuwa na maadui wa kawaida. Nahau ya washairi wanaosema kwamba mizani humfungua mshairi kwa kumfunga imezoeleka hadi kuchosha. Lakini ni nadra kupata mfano ambao kila hatua yake inaweza kuonyeshwa kwa kidole, kutoka biti hadi maana.

Uhamisho wa mwanzo haukuyajali sana haya. Toleo la DOS la mwaka 1990 liliongeza rangi na kubakia aminifu. Toleo la Kijapani la PC-9801, la mwaka huohuo, lilifanya jambo dogo lenye athari kubwa: lilimvika mwanamfalme kilemba na kizibao. Yule wa Apple II hakuwa na kilemba. Alikuwa kijana wa nywele za rangi hafifu mwenye nguo nyeupe, yaani mdogo wake Mechner. Hivyo “Mwajemi” alipata vazi lake Tokyo, kutokana na mchezo wa Mmarekani uliotokana na filamu zilizotokana na tafsiri. Sura hiyo ndiyo iliyosambaa baadaye.

Mnyororo huo unastahili kufuatwa nyuma kidogo, kwa sababu wasomaji wa Kiswahili wana hisa ndani yake. Mwovu wa mchezo ni waziri Jaffar. Ja'far wa historia, wa ukoo wa Barmaki, aliuawa kwa amri ya Harun al-Rashid mwaka 803. Katika hadithi za siku elfu na moja ni mwandani mwaminifu wa khalifa huyo, anayezunguka naye usiku mitaani Baghdad. Aliyemgeuza kuwa mlaghai ni filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, na kutoka huko akaingia katika mchezo. Msomaji aliyelelewa na Alfu Lela Ulela na visa vya Abunuwasi, ambaye Harun Rashid kwake ni jirani wa karibu kuliko wafalme wengi wa Afrika Mashariki, hukutana na Jaffar huyu kama anayekutana na ndugu aliyesingiziwa. Na Uajemi wenyewe? Pwani yenye koo zinazojinasibisha na Shirazi kwa karne nyingi inajua vyema kwamba Uajemi unaweza kuwa jina la heshima kuliko mahali. Mechner naye hakudai zaidi ya hapo. Kosa si kwamba mchezo unatumia Uajemi wa kubuni. Kosa ni la wahakiki wanaouita ubunifu huo “ulimwengu wa Usiku wa Kiarabu” kana kwamba waliufungua kitabu.

Toleo la Super Nintendo la mwaka 1992 ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalothibitisha hoja kwa upande wa pili. Lina ngazi 20 badala ya 12 na dakika 120 badala ya 60. Lina mapambo, muziki uliojaa, na maadui ambao Apple II isingeweza kuwabeba. Wengi hulipenda, na si bure: ni kazi ya mikono hodari. Lakini kivuli kinapotokea katika jumba lililojaa watu, hakitishi tena. Katika chapa ya kwanza upweke wa majumba ndio uliofanya sura ya pili iwe tukio. Hapa ni mmoja kati ya wageni wengi. Mhamishaji alipata nafasi akaijaza, bila kuuliza utupu ule ulikuwa na kazi gani. Kuna tafsiri za namna hiyo pia, ambazo mfasiri hueleza kila kilichokuwa kimya.

Mwaka 2011, zaidi ya miongo miwili baada ya chapa ya kwanza, mtu anayejulikana kwa lakabu ya Mr. SID alitoa Prince of Persia kwa Commodore 64. Soko halikuiomba kazi hiyo. Commodore 64 ni mashine ya mwaka 1982, na kampuni yake ilifilisika mwaka 1994. Wala hakuwa na msimbo asilia. Aliufumua mchezo kutoka katika baiti zake, amri baada ya amri, kwa kuwa prosesa za mashine hizo mbili ni za ukoo mmoja na lugha yao ni moja. Penye undugu huo ndipo ugumu ulipojificha. Anayefasiri kutoka Kichina hadi Kiswahili anajua kwamba lazima ajenge upya kila sentensi. Anayefasiri kutoka lugha jirani hudanganywa na maneno yanayofanana. Commodore 64 inaelewa amri za Apple II, lakini haioni kama inavyoona Apple II. Katika Apple II pikseli saba hukaa katika baiti moja na rangi hutegemea nukta iko wapi katika mstari. Commodore 64 hupanga skrini yake kwa visanduku, na hukataa rangi kukaa popote zipendapo. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64, nusu ya ile iliyohitajika. Mhamishaji aliuweka mchezo katika katriji ili kilichokosa nafasi ndani kisomwe kutoka nje.

Ubora wa kazi hii hauko katika kuwezekana kwake, ingawa sifa nyingi ilizopewa ziliishia hapo. Uko katika alichoamua kutokigusa. Mashine yake ilikuwa na chipu ya sauti yenye njia tatu, maarufu kuliko zote za enzi yake, na jina alilojipa linatokana nayo. Mtu wa namna hiyo angeweza kusamehewa kama angeyafurika majumba yale kwa muziki. Amewaachia ukimya wao. Mwendo una uzito uleule, na mchezaji mwenye pupa hufa vilevile. Toleo hili linasomeka kama uhakiki wa matoleo yote yaliyolitangulia: kwa kubakiza hiki na kuacha kile, linasema kipi kilikuwa mchezo na kipi kilikuwa pambo. Mwalimu Nyerere alipoifasiri Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa kama Juliasi Kaizari mwaka 1969, naye alikuwa akijibu swali la aina hiyo, safari ya pili kwa uthabiti zaidi: katika lugha yenye bahari ya vina, alichagua kutotia vina mahali ambapo asili haikuwa navyo.

Lakini kuna swali ambalo wapenzi wa mashine za kale hawapendi kuulizwa: hamu hii ni ya nani? Uandishi mwingi juu ya jambo hili huandikwa kama kwamba utoto wa miaka ya 1980 ulikuwa mmoja duniani, wenye kompyuta chumbani na diski kutoka dukani. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyohiyo, lakini Bara ilisubiri televisheni hadi miaka ya 1990, na mashine za kina Commodore zilihitaji televisheni ili zionekane. Mtoto wa Kizanzibari aliyekulia Kuwait au Masqat aliweza, kama wazazi walijaliwa, kukutana na Sakhr, kompyuta za MSX zilizofundishwa Kiarabu na kampuni ya Kikuwait ya Mohammed Al-Sharekh, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa hadithi. Kwa mtoto huyo mashine ya kwanza ilikuwa tayari mashine iliyohamishwa: imeundwa kwa kiwango cha Wajapani na Wamarekani, inaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na inakaa katika nyumba inayozungumza Kiswahili. Hamu yake si ile ya mtoto wa Birmingham. Na kwa wengi zaidi, kote Afrika Mashariki, mchezo wa kwanza wa kielektroniki kuushika kwa mikono ulikuwa nyoka wa simu ya Nokia, aliyezaliwa mwaka 1997 katika modeli ya 6110. Nokia 3310 iliporejeshwa mwaka 2017, nyoka alikuja na rangi na mwili wa kupinda. Watu waliomzoea yule wa miraba, anayekata kona kwa pembe kali, walimtazama mara moja wakamzima. Hao hawakuhitaji nadharia ya uhamishaji kujua kwamba kona ile kali ndiyo iliyokuwa mchezo.

Biashara ya hamu, kwa upande wake, imeelewa nusu tu ya jambo. Mwaka 2018 ilitoka THEC64 Mini, Commodore 64 ndogo iliyosheheni michezo kadhaa, yenye kibodi iliyofinyangwa vizuri ambayo haibonyezeki. Ni vigumu kupata tamathali iliyo wazi zaidi ya kinachouzwa hapo. Kibodi ya asili ilikuwa mwaliko: mtoto aliiwasha mashine akakuta kielekezi kikimwekamweka, kikisubiri aandike. Kibodi isiyobonyezeka ni picha ya mwaliko huo. Mnunuzi anapewa alichokiona. Anachonyimwa ni alichoweza kukifanya. Mr. SID na wenzake wako upande wa pili wa mstari huu, na ndiyo maana kazi yao haifai kuwekwa katika kapu moja na vinyago vya rafu, japo wote huitwa wapenda kale.

Mwaka 2012 baba yake Mechner, Francis, ambaye ndiye aliyeutungia mchezo muziki wake, alikuta katika kabati la nyumbani diski zenye msimbo asilia uliodhaniwa umepotea. Watu wa kuhifadhi data za kale walikuja na mashine zao, wakazisoma, na msimbo ukawekwa hadharani. Kwa msimbo huo wengine wameweza kuendeleza safari, hata kuupeleka mchezo kwenye BBC Master, kompyuta ya Kiingereza ya mwaka 1986, mnamo 2018. Kwa mhakiki, thamani ya diski zile ni kwamba sasa inawezekana kulinganisha: ufumuzi wa Mr. SID, uliofanywa gizani, unaweza kuwekwa kando ya maandishi ya mkono wa mtunzi, kama nakala ya mswada inavyowekwa kando ya asili iliyopatikana baadaye.

Mechner mwenyewe ameirudia mada hii kwa njia ambayo pengine hakuikusudia. Kitabu chake cha katuni, Replay, kilichotoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 2023, kinasimulia vizazi vitatu: babu aliyepigana upande wa Austria katika Vita Kuu ya Kwanza, baba aliyekuwa mtoto mkimbizi katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, na mtunzi anayeihamishia familia yake Montpellier kutengeneza michezo. Wahakiki kadhaa wameona kwamba sehemu za michezo ni nyepesi mno kukaa kando ya zile za vita. Pingamizi hilo lina nguvu. Mradi uliokwama ofisini hauwezi kupimwa kwa mizani moja na mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake. Hata hivyo kitabu kinaonyesha kile ambacho mchezo ulificha. Francis, mtoto aliyebeba lugha moja akailazimisha iishi ndani ya nyingine, ndiye aliyekuja kutunga muziki wa mwanamfalme kwa spika ya Apple II, ambayo ilijua jambo moja tu: kugonga au kutogonga. Alitunga kwa piano, na mwanawe akauhamisha wimbo hadi kwenye mgongo huo mmoja. Ni huo unaosikika bado, kwa njia tatu, katika katriji ya 2011.